Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu: Ombi la Fundi Mwashi wa Mugumu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

Mheshimiwa, mimi ni fundi mwashi wa Mugumu, na kazi hunifikisha hadi Nyamongo na Sirari.

Kwanza pokea shukrani zetu. Mkondo wa amali ulioanza na kidato cha kwanza Januari 2024 tuliulilia kwa muda mrefu. Zamani mtoto wa huku aliyetaka ufundi akiwa sekondari aliitazama Musoma Ufundi, na shule moja haiwezi kuutosha mkoa.

Ninachoomba, kwa unyenyekevu mkubwa, ni kwamba amali ya ujenzi isiishie ubaoni. Mwanafunzi ataandika vizuri kabisa kuwa maji yakizidi zege hudhoofika. Mpe chepe, hajui maji yametosha lini. Huku saiti nako, vijana wetu wa saidia fundi wana mkono mzuri, ila hakuna aliyewaeleza kwa nini zege hunyweshwa maji siku saba au zaidi. Wanaliacha likaukie juani, nyufa zinatokea, na mwenye nyumba analipia mara mbili. Ramani hawajawahi kufundishwa kuisoma. Makundi haya mawili, Mheshimiwa, yanahitajiana.

Mahali pa kuyakutanisha papo. Mwaka 2021, kwa sehemu ya mkopo wa UVIKO-19 wa shilingi trilioni 1.3, Serikali ilijenga madarasa 15,000 nchini, na mafundi wa mitaani tulishika mwiko kwa utaratibu wa fosi akaunti. Tunakuomba, kwa kushirikiana na wenzako wa TAMISEMI, kila mradi wa namna hiyo Tarime na Serengeti uwapokee wanafunzi wa amali wa shule jirani. Wasije kuwa vibarua wa bure. Waje wafunge ringi, washushe timazi, wapange kozi, fundi akiwa pembeni yao. Nasi mafundi tupimwe kwanza. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunzia kazini. Tunaomba utaratibu huo utufikie, ili wanaofaulu waruhusiwe kufundisha kwa vipindi.

Kuhusu vifaa, marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 yanautaka mgodi uandae mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Neno lako kwa halmashauri lingesaidia karakana za shule na vifaa vyake ziingie kwenye mpango wa mgodi wa North Mara.

Niruhusu niseme pia la mabinti. Desemba ya msimu wa ukeketaji ikifika, wapo wanaokimbilia nyumba salama, Mugumu na Masanga, na baadhi hawana tena nyumbani pa kurudi. Binti wa namna hiyo akijua kuweka vigae au kufunga mabomba, atalipa kodi ya chumba chake bila kumpigia mtu magoti. Tunaomba watengewe nafasi kwenye masomo ya amali, na bweni lenye mlinzi.

Wanafunzi wa kwanza wa mkondo huu watafika kidato cha nne mwaka 2027, na muda uliobaki si mwingi. Ukiona inafaa, Mheshimiwa, tunaomba uwaagize wataalamu wako waje Tarime na Mugumu kabla ya hapo. Waje moja kwa moja saiti, siku ya kumwaga zege.

Wako mtiifu,
Fundi mwashi, Mugumu, Serengeti.