Mhadhara wa Njia Panda Kuhusu Hasira za Mwenye Timu

Waheshimiwa abiria mnaosubiri basi, waheshimiwa madereva wa malori, dada yangu mwenye sufuria ya chai, vijana wa bodaboda mliopanga pikipiki kama mnangoja kukaguliwa na mkuu wa majeshi, na wewe bwana mkaa ambaye tangu jana hujanisalimia: habari za asubuhi.

Mnaniona nimesimama. Wasomi wakubwa wote huhutubia wakiwa wamesimama, ila mimi sitaki kuwaficha, maana mtaambiwa na wambeya. Benchi hili nimefungiwa. Jana magharibi, mjadala ukiwa umefika mahali patamu, dada yangu alikatiza hoja zangu akasoma hukumu: vikombe kumi na vitatu vya chai na chapati saba, tangu alizeti haijavunwa. Nisikae hapa mpaka deni liishe. Hakunipa nafasi ya kujitetea. Nilipouliza kifungu alinionyesha mwiko.

Sasa mtu aliyefungiwa ndiye mwenye haki ya kuzungumzia kufungiwa. Kwa hiyo mada ya leo ni ileile ya jana, lakini leo itatolewa na mtu mwenye uchungu nayo: mwenye timu akiadhibiwa na ligi, ajibu vipi?

Mnaouliza mimi ni nani, nyie ni abiria, mnasamehewa. Nimekaa Mkiwa hapa miaka kumi na tisa. Barabara ya Dodoma kwenda Singida inanipita mbele, na ile ya Itigi na Rungwa hadi Makongolosi, kilomita 413 kwa hesabu za wenye barabara zao, inaanzia hapa nilipokanyaga. Redio ya kila basi imenipita masikioni. Dereva wa kutoka Mbeya ameniachia neno, wa kutoka Mwanza ameniachia lingine, mimi nimeyaunganisha. Shahada sina. Shahada hupewa mtu ambaye watu wana wasiwasi kama anajua.

Turudi kwenye mjadala. Kijana huyu wa bodaboda alisema jana, na nikanukuu kichwani, kwamba mwenye timu akitozwa faini alipe anyamaze, kwa sababu hela anazo. Kijana wangu, umesema kama mtu ambaye hajawahi kukamatwa na trafiki. Bwana mkaa akasema aende FIFA. Mzee wetu wa kuku akasema asusie ligi, tuone hao wenye ligi watacheza na nani. Mjadala ukapanda mpaka basi la saa kumi na moja likaondoka na abiria wawili pungufu, walikuwa bado wanabishana na mimi.

Kabla ya kumpa mwenye timu ushauri, lazima tumjue. Na hapa ndipo wengi mnapoanguka. Mnasema "timu yangu". Wewe una kadi ya uanachama? Huna. Una hisa? Una kuku wanne. Simba kule wamekubaliana na mtoto wetu Mohammed Dewji, mzaliwa wa Singida hii hii, aliyekuwa mbunge wa Singida Mjini tangu 2005 hadi 2015: asilimia 49 zake, kwa shilingi bilioni 20, na 51 za wanachama. Ndiyo maana nusu ya mkoa huu ni Simba hata kabla ya kuujua mpira. Yanga nao wana fedha za GSM, na wana wanachama wao, na wana rais wao injinia. Kwa hiyo ukiniuliza mwenye timu ni nani, jibu la kitaalamu ni kwamba timu ikishinda ina wenyewe milioni, na ikipelekewa barua ya adhabu ina katibu mmoja tu ofisini, anatafuta miwani.

Sasa historia. Naomba utulivu, na huyo anayemenya muwa asogee.

Mwaka 2017, tarehe 2 Aprili, Simba walifungwa na Kagera Sugar pale Kaitaba, Bukoba, mabao 2 kwa 1. Mtu wa kawaida akifungwa anarudi nyumbani. Simba wakafungua daftari. Wakasema beki Mohamed Fakhi alikuwa na kadi tatu za njano, hakustahili kucheza. Ikakaa Kamati ya Saa 72. Jina hilo, ndugu zangu, ni zuri mno. Hata mimi nimeahidi kulipa chai ndani ya saa 72 mara nyingi. Kamati ikawapa Simba pointi tatu na mabao matatu, mezani, bila jasho. Nchi ikagawanyika. Kisha kamati nyingine ikazichukua zile pointi ikazirudisha Bukoba. Simba wakatangaza: tunakwenda FIFA.

Hapo nataka mwelewe kitu kuhusu FIFA katika lugha yetu. FIFA kwa Mtanzania si ofisi. Ni pumzi. Mtu akisema "nakwenda FIFA" maana yake anaomba muda wa kukasirika bila kuonekana ameshindwa. Msimu ulipoisha, Yanga pointi 68, Simba pointi 68, Yanga wakabeba kombe kwa tofauti ya mabao. Zile pointi tatu za Fakhi mpaka leo zinatembea nchi hii kama jini lisilo na kibuyu. Bwana mkaa jana alizitaja mara nne. Miaka imepita, mtu ameoa, amejenga, bado anadai pointi za Bukoba.

Unasema nini, mzee? Ndiyo, hata Ulaya. Everton kule Uingereza walikatwa pointi 10 Novemba 2023, wakakata rufaa, zikabaki 6. Sikilizeni hesabu hiyo. Mzungu anakwenda na makaratasi anarudishiwa nne. Sisi tunakwenda na vuvuzela.

Lakini somo kubwa, somo la chuo kikuu, ni la Machi 2025. Hili nitalieleza polepole kwa sababu wengi mnalieleza kwa mate.

Usiku wa tarehe 7 Simba wanafika Uwanja wa Benjamin Mkapa kufanya mazoezi, kesho yake ni dabi na Yanga. Mlangoni kuna mabaunsa. Hawaingii. Na Simba wakarudi na kitu chenye nguvu kuliko bunduki: namba. Kanuni ya 17, kifungu cha 45! Timu mgeni ina haki ya kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mechi. Wiki ile, hapa Mkiwa, watu wasiojua namba ya nyumba yao walikuwa wanataja kumi na saba arobaini na tano kama aya ya kitabu kitakatifu. Mtoto wa darasa la tatu alikataa kwenda shule akataja kifungu hicho.

Simba wakasema hatuchezi. Bodi ya Ligi, tarehe 8 mchana, watu wakiwa wamekwishakata tiketi na kupanda mabasi kutoka mikoani, ikaahirisha mechi. Na Yanga je? Hapa ndipo penye utamu. Yanga wakaenda uwanjani vilevile! Wakashuka kwenye basi, wakaonekana, hakuna mpinzani. Kisha wakasema: sisi tumekuja, wao hawakuja, mechi imekwisha, na hiyo nyingine mtakayopanga hatuchezi. Wakaona kuahirishwa ni adhabu kwa aliyefika. Wakapeleka shauri mpaka Lausanne, Uswisi, kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo. Na Waswisi, watu wa saa, wakawajibu kwa upole: anzieni kwanza ngazi za kwenu.

Mmeona? Kijiwe kizima kilikuwa na majibu matatu jana, lipa, FIFA, susa. Simba na Yanga peke yao wameyatumia mawili ndani ya wiki chache, na timu zimebadilishana zamu ya kununa. Machi, Wananchi wa Yanga walicheka Mnyama Simba amekimbia. Mei, Mnyama akacheka Wananchi wanakimbia. Bwana mkaa na mzee wa kuku walibadilishana hoja neno kwa neno, nikashuhudia mimi, na hakuna aliyeona aibu. Mwenyekiti wa Bodi akajiuzulu. Na tarehe 25 Juni mechi ikachezwa, Yanga wakashinda 2 kwa 0, wakachukua ubingwa wa nne mfululizo. "Hatuchezi" ikaisha hivyo: wakacheza.

Mimi nilikuwa nimetabiri kwamba haitachezwa. Utabiri wangu ulikuwa sahihi. Ni mechi ndiyo iliyokosea.

Sasa mnaniuliza, Profesa, kuna mwenye timu aliyewahi kujibu adhabu kiume? Yuko. Twende Lubumbashi, kwa ndugu zetu wanaosema Kiswahili cha kwao. Moïse Katumbi, mwenye TP Mazembe, wakati huo gavana wa Katanga. Mabingwa wa Afrika 2009, mabingwa 2010, Desemba hiyo wakacheza fainali ya klabu bingwa ya dunia na Inter. Mwaka 2011 wakawatoa Simba kwa jumla ya mabao 6 kwa 3. Simba, wazee wa daftari, wakalalamikia uhalali wa mchezaji Janvier Besala Bokungu. CAF ikawatoa Mazembe, mabingwa watetezi, nje! Simba wakapewa mechi na Wydad Casablanca kule Cairo, wakafungwa 3 kwa 0, lakini hilo si la leo.

Mwaka huohuo Mazembe wakamnunua Mbwana Samatta kutoka Simba. Wengine watakwambia walimwona katika zile mechi mbili wakampenda. Hiyo ni tafsiri ya wavivu. Tafsiri yangu, ambayo hakuna chuo kilichoipinga kwa kuwa hakuna kilichoisikia, ni kwamba ile ilikuwa rufaa. Umenishtaki? Nakuchukulia mshambuliaji. Akaondoka kijana, akachukua ubingwa wa Afrika 2015, Januari 2016 akatawazwa mchezaji bora wa wanaocheza ndani ya bara. Simba wakabaki na daftari.

Ndiyo, dada, naona unakusanya vikombe. Namalizia. Nina jambo moja la kwetu.

Sisi hapa tuna uzoefu ambao Simba na Yanga wa Kariakoo hawana. Tulikuwa na Singida United, ikashuka msimu wa 2019/20. Ikaja Singida Big Stars mwaka 2022, tukanunua jezi. Mwaka uliofuata ikaitwa Singida Fountain Gate, tukanunua nyingine. Mara "Singida" ikadondoka njiani, ikabaki Fountain Gate, iko Babati. Kabla hatujalia vizuri, Ihefu ya Mbarali, Ihefu ileile iliyowafunga Yanga 2 kwa 1 Novemba 2022 na kuwakatia mechi 49 bila kupoteza, ikahamia kwetu, ikawa Singida Black Stars. Na mimi nasisitiza ilipita hapa, kwa barabara hii ya Makongolosi, ingawa dereva mmoja anabisha eti walizunguka Iringa.

Msinielewe vibaya, hawa wa sasa wametutoa kimasomaso, Septemba 2025 wametwaa Kombe la Kagame kwa kuwafunga Al Hilal 2 kwa 1. Lakini hebu mwangalieni bwana mkaa. Simama, ndugu yangu, usione haya. Jezi aliyovaa ni ya United. Amefungia mkaa kwa ile ya Big Stars. Ya tatu mkewe anadekia. Uwanja ni uleule, Namfua tulioubadili jina ukawa Liti, jina la yule mama shujaa ambaye wazee wetu wa Kinyaturu wanasimulia aliwarushia Wajerumani nyuki. Mama yule alikasirika akabaki palepale. Wenye timu wa siku hizi wakibadili mawazo wanapakia magoli. Na jana bwana huyu mwenye jezi tatu za timu moja ndiye aliyepiga meza zaidi ya wote akisema "tukikatwa pointi hatutakubali". Tukikatwa, nani? Nilitaka kumuuliza hivyo. Nikamwangalia usoni, nikaona anasema kweli kabisa, nikanyamaza. Ni mara pekee jana niliponyamaza, na hata dada aliliona.

Basi. Kuhusu kesi yangu. Usiku nilipeleka rufaa kwa mama mzazi wa dada yetu huyu, pale nyuma ya mashine ya kusaga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanijibu kama Lausanne: anzia kwa mwenye sufuria. Kwa hiyo natangaza mbele yenu wote. Sisusi. Silipi pia, si leo. Kesho saa kumi na mbili asubuhi naleta timu uwanjani. Nitafika na kigoda changu kutoka nyumbani, nitakiweka pembeni ya benchi, si juu ya benchi, nitawapungia mashabiki, nitakaa dakika zinazotakiwa. Dada asipomimina chai, nahesabu pointi tatu na chapati tatu, na nitawaomba mshuhudie mlikuwepo.

Basi hilo linakuja. Kijana wangu wa bodaboda, kabla hujakimbilia abiria, una mia tano?