Faranga 40,000 Zilizopotea Buyenzi

Tangu nishike hesabu za upatu wetu hapa Buyenzi, hakuna mwanachama aliyewahi kutoka kwangu akilia. Jumapili ile alitoka mmoja. Faili langu lilisema ametoa faranga 10,000. Yeye akasema ametoa 50,000, mkononi mwangu, sebuleni kwangu, chai ikiwa mezani. Nikamwonyesha kioo cha kompyuta. Akakitazama, akajitanda mtandio wake upya, akasema, "Dada, Mungu anajua," akaenda zake.

Nyumba haikulala. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Bibi, alikataa hata chakula. "Mwanangu," aliniambia, "yule namjua tangu anabebwa mgongoni. Hasemi uongo kwa ajili ya faranga." Nikamjibu kwamba kompyuta haina undugu na mtu. Neno hilo nalijutia mpaka leo.

Kompyuta yenyewe ilikuwa na wiki tatu tangu ianze kuzimika ovyo. Tulikuwa tumeiongezea ramu ya mitumba ya GB 4 juu ya GB 4 zilizokuwamo, ili binti yetu amalize kazi yake ya chuo bila kungojangoja. Siku za mwanzo ilikwenda mbio. Kisha kioo kikawa kinageuka buluu, na kila mara maneno ni yaleyale: MEMORY_MANAGEMENT. Mara binti anaandika, mara hakuna hata anayeigusa. Nikamlaumu mwanangu wa kiume na michezo yake, nikamnyima kompyuta siku nne. Fundi wa kwanza akapiga Windows upya, akalipwa. Baada ya siku mbili, buluu. Akapiga tena, akalipwa tena.

Binti akaamua kuweka Ubuntu, mfumo uliotolewa mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ambao kerneli yake, yaani kiini cha mfumo, ni ya Linux, ile aliyoianza Linus Torvalds kule Helsinki mwaka 1991. Bibi aliposikia jina aliinua kichwa kutoka kwenye ndagala alizokuwa akichambua. Ubuntu ni neno la Kirundi, akasema, ni utu. Mfumo wenye jina hilo hautatuaibisha. Siku ya tatu kioo kiliganda katikati ya sentensi, na taa ya Caps Lock ikawa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Kerneli ya Linux ikishindwa kabisa, hiyo ndiyo alama yake.

Mume wangu ni fundi wa magari. Kompyuta ile hakuwa ameigusa hata siku moja. Jioni hiyo alisimama nyuma ya binti, mikono ina grisi, akauliza: "Mmebadilisha dereva mara tatu, na gari bado linazimika. Kwa nini hamfungui boneti?"

Swali hilo ndilo lililotuokoa. Kerneli ni kama mwenye nyumba anayegawa vyumba. Ramu anaigawa kwa kurasa za KB 4, na kipande kimoja cha GB 4 kina kurasa 1,048,576. Kila programu inapewa kurasa zake, na kerneli inaweka daftari la nani yuko wapi. Daftari hilo nalo limo humohumo kwenye ramu. Seli moja ikiharibika, yote yanategemea nani kaangukia hapo. Ikiwa ni picha, nukta moja inabadilika rangi na hakuna anayeiona. Ikiwa ni daftari la kerneli, mwenye nyumba anajikuta anafungua mlango usio wake, naye husimamisha kila kitu kuliko kuharibu zaidi. Ndiyo maana hatukuweza kubashiri saa ya kuzimika, na ndiyo maana Windows na Linux ziliangukia shimo moja.

Mume wangu akasugua meno ya ramu zote mbili kwa kifutio cha penseli, polepole, akipuliza. Kisha akamwambia binti wapime moja moja, kama plagi za injini. Walitumia programu iitwayo Memtest86+, ambayo huandika alama kwenye kila seli kisha hurudi kuisoma. Usiku wa kwanza umeme ulikatika, wakaanza upya. Usiku wa pili ramu ya zamani ilipita salama. Wa tatu ikawekwa ile ya mitumba, katika tundu lilelile, na kabla ya alfajiri mistari myekundu ilikuwa imejaa. Anwani ileile kila mzunguko, biti ileile: palipoandikwa moja, panasomeka sifuri.

Binti alichukua kalamu. Faili langu la upatu ni la maandishi matupu, mstari mmoja kwa kila mwanachama. Kompyuta huandika tarakimu 5 kwa biti 0110101. Tarakimu 1 huiandika 0110001. Akazungushia duara biti moja iliyotofautiana, kisha akanyoosha kidole kwenye kioo: biti iliyoripotiwa na kipimo ilikuwa hiyohiyo, iliyoganda kwenye sifuri. 50,000 ikawa 10,000. Nikahesabu pesa zilizokuwa kwenye sanduku, kazi ambayo nilipaswa kuifanya Jumapili ileile. Zilizidi hesabu ya faili kwa faranga 40,000.

Asubuhi hiyohiyo mimi na Bibi tulikwenda kwa yule mwanachama. Nilimwomba radhi mbele ya mumewe na mbele ya wanachama wawili waliokuwa wamesikia maneno yangu. Alinishika mkono, akamwita Bibi ndani, akatupikia chai. Mwanangu pia nilimwomba radhi.

Sasa kila mchango unaandikwa kwanza kwenye daftari la karatasi na mtoaji anatia sahihi, ndipo uende kwenye kompyuta, ambayo inafanya kazi kwa GB 4 zake za zamani na haijazimika tena. Ile ramu ya mitumba sikuiuza. Nimeifunga kwenye karatasi na kuandika MBOVU kwa wino mwekundu. Nawe ukinunua ya mkono wa pili, iache ipimwe usiku kucha kabla hujatunza humo jina la mtu.