Chini Shindilia, Juu Funika Tu

Northampton, Februari

Mjomba,

Ujumbe wako wa sauti nimeupata, ule wa dakika saba ambao tano za mwanzo ni jogoo. Nimeelewa kwamba Mama amekuletea ile picha yangu nikiwa msituni na bunduki, kwamba kikao cha ukoo kimeshakaa, na kwamba Bibi ametoa sadaka ya uji kwa watoto wa madrasa ili niombewe nirudi salama kutoka vitani.

Uji umeshanywewa na dua imeshaombwa, nashukuru, wala siirudishi. Lakini sikuandikwa jeshi. Itazameni picha tena. Bunduki ile ni ya bluu, bluu ya pipa la maji, tangu kitakoni hadi katikati ya mtutu. Jeshi gani litampa mtu silaha ya rangi hiyo, labda liwe limekata tamaa?

Ni ya kuchezea. Inatema vigoroli vya plastiki vya milimita 6, saizi ya mbaazi (ziweke akilini hizo mbaazi, nitazirudia). Kikikupata unasikia kama umedonolewa na kuku mwenye hasira. Mchezo wenyewe unaitwa easofti. Ulianzia Japani miaka ya 1970, nchi ambayo raia hapati bunduki hivi hivi, basi wenye hamu wakatengenezewa za plastiki. Waingereza nao wakaupokea, na mimi nikaletwa na Mpolandi mmoja tunayepanga naye maboksi zamu ya usiku. Alinijia wakati wa chai akaniambia, "Jumapili njoo msituni tupigane." Nikakaa siku tatu najiuliza nimemkosea nini.

Nikaenda. Nikakuta watu wazima wapatao themanini wamevaa kombati, mmoja wao daktari wa meno, wanalipa pauni 30 na ushei kila mtu ili walale kwenye tope. Pesa hiyo ukishuka nayo mnadani Handeni hukosi beberu mdogo. Unapewa miwani mikubwa ya kukinga macho, ambayo ukiivua tu uwanjani unafukuzwa, halafu filimbi inalia na daktari wa meno anaanza kukuwinda.

Sasa hapa ndipo pa ajabu. Vigoroli havina rangi wala alama. Aliyepigwa ndiye anayetakiwa kuinua mkono na kutangaza kwamba amekufa. Mwenyewe! Mimi nimekulia uwanja wa goli la mawe mawili, ambako mpira ukipita juu ya kichwa cha kipa mjadala unakwenda hadi adhana ya magharibi. Siku ile kigoroli kiligonga ukingo wa kofia yangu, tak! Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, hakuna shahidi. Mjomba, nilifikiri kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Akatoka mtoto nyuma ya mti, hana hata miaka kumi na minne, akasema kwa adabu kabisa, "Samahani bwana, nadhani nilikupata." Nikafa kwa aibu, na kifo hicho kikahesabiwa.

Ule ubluu ni sheria ya mwaka 2006. Mgeni kwenye mchezo hauziwi bunduki ya plastiki inayofanana na ya kweli. Ni lazima iwe na rangi kali inayoonekana kwa mbali: nyekundu, njano, pinki, zambarau, hiyo bluu. Nyeusi unauziwa ukishacheza mechi tatu katika muda usiopungua siku 56 na kuandikishwa kwenye daftari wanaloliita UKARA. Ukiipaka nyeusi mwenyewe kabla ya hapo umetenda kosa la jinai kwa kopo la rangi. Na hata ukiandikishwa, ukitembea nayo mtaani utafuatwa na polisi wenye za kweli, kwa hiyo yangu inasafiri ndani ya begi, ndani ya buti la gari, kama maiti. Nguvu nayo ina mpaka. Inayopiga moja moja isivuke juli 2.5, inayomimina isivuke 1.3. Kiwanja chetu kina ukali wake zaidi. Kila asubuhi tunapita kwenye mashine ya kupimia mwendo, na kigoroli cha gramu 0.20 kikizidi mita 107 hivi kwa sekunde unarudishwa kwenye gari. Mama msomee kipengele hiki taratibu, labda atalala.

Basi, zile nyingine zinamimina kama cherehani. Mimi nikachagua ya marisaa, kwa sababu yako. Nilipoiona ukutani dukani nilikumbuka lile gobore lako nyuma ya mlango wa ghala, ambalo tulikatazwa hata kulipitia karibu.

Ya kwanza, hiyo ya bluu, ilikuwa ya springi. Unavuta mkono wa mbele, kishindo ndani, unafyatua, vinatoka vigoroli vitatu kwa mpigo kupitia vijitutu vitatu vilivyofichwa ndani ya mtutu mmoja. Ganda lake linafanana kabisa na la marisaa, jekundu lenye kitako cha dhahabu, lakini ndani ni uongo mtupu: ni kibaba cha vigoroli 30 chenye springi ya kuvisukuma. Ukipiga mara kumi kimekwisha. Ilikuwa bunduki nzuri, haidai gesi wala betri, na ningeiacha kama ilivyo ningekuwa nayo hadi leo.

Sikuiacha. Unanijua. Redio ya marehemu Babu ilikuwa inaongea hadi nilipoitengeneza. Nikaagiza springi ngumu zaidi, tatu, nikazitia. Asubuhi ya mechi mashine ikaikataa, imezidi. Nikatoa bisibisi na koleo hapo hapo kwenye buti la gari, nikazikata springi mzunguko mmoja mmoja hadi ikapita kwa unywele. Ila sasa kuivuta ilikuwa kazi ya watu wawili. Kila risasi nilikaa chini, nikabana kitako kati ya miguu, nikavuta kwa mikono yote kama mtu anayeng'oa muhogo wakati wa kiangazi. Adui, Mungu awabariki, walikuwa wananisubiri nimalize ndipo wanipige. Mvuto wa tano kikalia kitu ndani, na mkono wa mbele ukatoka wote nikabaki nimeukumbatia.

Siku 56 zilipotimia na jina likaandikwa, Mpolandi akaniuzia ya kwake kuukuu, nyeusi, ya gesi. Hii ndiyo iliyonivurugia nyumba.

Hii ganda lake si uongo. Gesi yenyewe, propani iliyochanganywa na mafuta kidogo ya silikoni, unaijaza ndani ya ganda kwa nyuma. Mbele unapanga vigoroli, vyangu vinakaa kumi na vinne. Nyundo ya bunduki inagonga valvu, gesi inatoka yote kwa pumzi moja, na vigoroli vinaondoka kama kanga walioshtuliwa. Halafu unavuta mkono, na ganda linaruka juu ya bega lako likizunguka angani. Mjomba, raha ya mlio ule wa ganda likitoka, chaka-chak, sina namna ya kukuandikia. Tabu ni kwamba linaangukia kwenye majani makavu. Kila mechi ikiisha utatukuta tumepiga magoti, watu wenye mikopo ya nyumba, tunapapasa majani kama tumedondosha pete ya harusi. Ganda moja ni bei ya mfuko wa mchele wa kilo tano. Nilianza na sita. Baada ya Jumapili mbili nilikuwa na matatu mazima, na mawili yaliyokanyagwa, vikombe vyake vya mbele vimepasuka lakini valvu zinafanya kazi.

Nikaamua kuyafufua nyumbani. Kwanza nilikwenda maktaba, wana mashine ya kuchapa vitu vya plastiki. Dada wa mapokezi akaniuliza ninataka kuchapa nini. Nikamwambia kweli. Akanigeuzia karatasi ya masharti, akaweka kidole kwenye mstari wa pili, akatabasamu. Nikatoka na kitabu cha mapishi ili nisionekane nilikuja kwa hilo tu.

Basi nikanunua bomba la plastiki, lile jembamba la kutolea maji ya tangi yanapofurika. Unene wake nje ni milimita 21.5 na ganda linataka kama 20. Milimita moja na nusu, Mjomba, kwa msasa, kwa mkono, mbele ya televisheni, usiku tatu. Vumbi jeupe likatanda hadi kwenye mapazia. Mke wangu, Mama Zuhura, akaniuliza kama hiki ndicho nilichokifuata Ulaya. Nikamweleza kwamba hii ni namba 12, na kwamba namba yenyewe maana yake ni risasi za duara za madini ya risasi zinazoenea mtutu, kumi na mbili zikifika ratili moja. Hakuniuliza tena, wala hakuniambia kitu hadi Alhamisi.

Vikombe vikakaa vizuri. Ila vigoroli vilinishinda. Nikiviacha wazi vinamwagika mtutuni kila nikiinamisha bunduki. Nikivibana kwa karatasi ngumu, gesi inapenya katikati yake na vyenyewe vinadondoka miguuni mwangu, pu, kama mbuzi amepita. Ndipo nikakutumia ule ujumbe wa usiku wa manane.

Mjomba, tangu ulipolipeleka gobore kituoni mwaka ule wa kusalimisha silaha sikuwahi kukusikia ukilitaja. Nikadhani utanigombeza. Ukanijibu dakika kumi na mbili, na sauti yako ilikuwa ya mtu aliyekaa wima. Ukanipeleka hadi kwenye shamba la mahindi na wale nguruwe, baruti unayoianika juu ya bati, mdeki wa mti wa mkole, na kumbi la nazi. Donge la chini lililoshikana ili pumzi isivuje, donge la juu jepesi la kuzuia tu visimwagike. "Chini shindilia, juu funika tu." Nimeliandika neno hilo kwa kalamu kwenye mlango wa friji, na wageni wanadhani ni namna ya kupika ndizi.

Kumbi sasa nitalipata wapi Northampton? Utacheka. Liko duka la bustani. Usumba wa nazi, ule tunaousokotea kamba na kuwashia moto, hapa umefinyangwa kama bakuli la kuning'iniza maua na unauzwa pauni nne. Nilisimama mbele yake nikahesabu makumbi yote niliyowahi kuyatupa maishani mwangu. Nikanunua.

Nikakaa jikoni. Donge la chini nikalishindilia kwa kitako cha kijiko cha mbao, vigoroli kumi na vinne, donge la juu nikalitandika tu kama shuka. Nikaning'iniza blanketi bafuni, nikavaa miwani, nikafyatua. Blanketi likainuka lote! Kwenye karatasi niliyoibandika mbele yake kulikuwa na matundu kumi na matatu.

Kigoroli cha kumi na nne kilipatikana Jumamosi. Mama Zuhura alikuwa amepika mahamri na mbaazi za nazi, na tulikuwa na mgeni, mzee mmoja wa msikitini, mtu wa heshima zake. Kutoka bafuni hadi jikoni ni mlango mmoja, Mjomba, na kigoroli cheupe ndani ya tui hakionekani. Mzee akatafuna, akasimama, akatoa kitu mdomoni kwa vidole viwili akakitazama kwenye mwanga. Jino lilikuwa zima, Alhamdulillah. Akakiweka pembezoni mwa sahani akasema, "Mbaazi za huku ni ngumu." Mama Zuhura hakusema neno. Tangu siku hiyo karakana yangu imehamia ndani ya gari.

Na garini ni baridi. Propani ikipata baridi inalegea, ganda linakohoa badala ya kupiga. Kwa hiyo Jumapili iliyopita nilikwenda vitani na maganda mawili kwapani, moja kila upande, nayaatamia. Ungenipa mkono nisingeweza kuupokea.

Lakini yalipiga! Daktari wa meno alikuwa nyuma ya gogo, mita kama ishirini, akiwa na uhakika wa maisha yake. Chaka-chak, buu! Akainua mkono mwenyewe, mwanamume wa kweli. Tatizo ni kwamba mwamuzi alikuwa amesimama pembeni yake, na donge la juu halikujua liende wapi, likaenda kwenye ndevu zake. Akalitoa, akalinusa. Akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni nazi. Akaniuliza kama inaoza, maana pale hata vigoroli ni lazima viwe vya kuoza ardhini. Nikamwambia inaoza kuliko kitu chochote alichokivaa. Akafikiri. Akasema uvumbuzi ni mzuri, anataka kujua umetoka kwa nani, ila kanuni ya kiwanja inasema kisitoke kitu mtutuni isipokuwa vigoroli. Nikaeleza habari zako kwa kifupi, nikaacha lile la nguruwe. Alinirudishia donge langu.

Sasa shauri linarudi kwako. Kumbi la chini ni lazima liwepo, bila hilo hakuna pumzi. Nimefikiria kulifunga uzi, ncha moja iwe kwenye kikombe, ili lisukume na kubaki. Uzi wa nailoni umekatika mara tatu. Nimefikiria ukambaa. Wewe uliwahi kulifunga lisitoke? Na la juu, kuna namna ya kulikata likapasuka katikati, likakaa ukingoni?

Nijibu kwa sauti, ila kwanza ondoka bandani.

Mpwao.