Namna ya Kuropoka kwa Kiingereza Bila Kuaibika Sana

Umelikuta neno blurt kitabuni, ukalipenda, na sasa unataka kulitumia mbele za watu. Hongera. Vuta kiti tulipitie taratibu, maana wengi waliokutangulia walilikosea na hakuna aliyewaambia. Walitabasamiwa tu, na tabasamu la aina hiyo halikatiwi rufaa.

Anza na maana. Blurt ni kusema jambo papo kwa papo, kabla akili haijapata nafasi ya kulipekua mifukoni. Wachunguzi wa asili ya maneno wanadhani lilizaliwa kwa kuiga sauti, kama sisi tulivyo na chubwi ya jiwe majini, na limo katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 16. Litamke utaelewa: midomo imefungwa, inafunguka kwa kishindo, na hujakaa sawa ulimi umeshapiga breki nyuma ya meno. Mwishoni hakuna irabu ya kupumzikia. Usiiongeze. Usiseme "blati". Utasema "blati".

Sasa lipe msindikizaji. Kiingereza hakipendi kuliacha blurt litembee peke yake. Mara nyingi hulifunga out kiunoni. Kama unalitaja jambo lenyewe kwa jina lake, uko huru: liweke kabla ya out au baada yake, hakuna atakayekukamata. Ila ukishatumia kiwakilishi, it sharti ikae katikati: blurt it out. Ukisema blurt out it, umekwisha. Kwa haki kabisa Mswahili hana sababu ya kuanguka hapa, kwani tangu utotoni amekuwa akichomeka viwakilishi tumboni mwa kitenzi. Nimeyaropoka: iangalie hiyo ya ilivyobanwa, kama abiria wa daladala saa moja asubuhi. Kumbuka daladala. Siku ya siku utaikumbuka daladala, utaisahau it.

Usimropoke mtu. Kinachoropokwa ni jambo, na anayelisikia huletewa kwa to. Sisi tuna kauli ya kutendea, aliniropokea, inayomaliza kazi kwa neno moja, na ndiyo itakayokuponza. Wala usiweke suddenly pembeni. Ughafla umo humo ndani tayari. Ukiuongeza utakuwa kama wale wanaopanda juu na kushuka chini, ambao wewe huwa mstari wa mbele kuwasahihisha. Na hotuba ya saa nzima haiingii katika blurt hata ukiisukuma. Hiyo ni kubwabwaja, ina wataalamu wake na ina posho.

Vilevile, jambo hili halipangiwi ratiba. Huwezi kuahidi kuropoka Alhamisi. Najua utanitajia kile kipengele cha mwisho cha ajenda, mengineyo, ambapo mjumbe aliyenyamaza tangu asubuhi husimama, akakohoa, akasema lile ambalo kikao kizima kilipangwa ili lisisemwe. Haya, hapo tumelipangia muda. Usimwambie Mwingereza, naye anacho kipengele hicho, na hapendi kukumbushwa.

Tukija kwenye tafsiri, utafungua kamusi na utaambiwa ni kuropoka. Usiifunge kwa furaha. Huko Marekani na Uingereza mwalimu hulitumia blurt kwa mtoto anayejibu kabla hajanyoosha mkono akateuliwa, hata kama jibu ni sahihi kabisa. Huyo kwetu hajaropoka, amedakia, na atasimama mpaka kipindi kiishe. Aliyebanwa maswali hadi siri ikamtoka, imemponyoka. Anayezungusha siri za watu nyumba kwa nyumba hahusiki hapa; Kiingereza kina blab kwa ajili yake, sisi tuna umbea. Blurt ni ajali. Ule mwingine ni ajira.

Na kuropoka kwenyewe? Punguza mwendo. Blurt haliulizi kama ulichosema ni kweli au uongo. Linaangalia kilivyotoka, basi. Kuropoka limeshasikiliza kesi na kutoa hukumu: ulichosema ni upuuzi, na wewe ni mropokaji. Nitakupa mfano, na mfano ni mimi.

Tulitoka Muheza kwenda Pangani kumposea binamu yangu. Mimi niliaminiwa kubeba bahasha, na ndani ya basi niliihesabu mara mbili: milioni moja na laki mbili. Kazi yangu ilikuwa kubeba. Tukapokewa, tukakaa mkekani, ikaletwa kahawa, ikasomwa dua. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga, akaanza kulia hali. Mvua zimetutupa. Machungwa hayana bei. Ukoo mzima umejikusanya, wengine wamekopa, ikapatikana laki saba. Mahari, mkaja wa mama na kilemba cha baba, vyote humo humo. Alilia vizuri. Alilia vizuri mno, hata nikaingiwa na wasiwasi kwamba amesahau. Nikamwinamia, nikasema kwa sauti niliyodhani ni ya chini: "Mjomba, si mna milioni na laki mbili humu?"

Na mkono wangu ulikuwa juu ya bahasha, naipigapiga.

Mwenye nyumba hakunitazama kabisa. Alimmiminia mjomba kahawa nyingine, akamkabidhi kikombe kwa mikono miwili, akasema kwa upole, "Kijana amechoka na safari." Kuanzia hapo laki saba haikutajwa tena na mtu yeyote, wa kwao wala wa kwetu. Tulirudi na bahasha tupu, na bado nilikuwa mimi mbebaji. Ndani ya basi ndipo nilipofahamishwa kwamba nimeropoka. Nikauliza kwa adabu, katika niliyoyasema ni lipi lisilo kweli. Mjomba akatazama dirishani, akajibu, "Unaona? Unaropoka tena."

Kwa Kiingereza kisa hiki kingeishia kwenye kosa la wakati. Kijana alisema kweli, ila mapema mno na kwa sauti mno. Kwa Kiswahili kweli yenyewe iligeuka upuuzi kwa sababu ya mkeka iliposemewa, na watu wazima wanne waliokuwa wanaijua walishangaa kana kwamba nimeizusha. Mimi nasema Kiingereza kimetuzidi hapo, japo sitalirudia hilo mbele ya mjomba.

Kwa hiyo kabla hujatafsiri, chagua upande. Gazeti likiandika kwamba mheshimiwa aropoka, usikimbilie kuangalia alichosema. Angalia kwanza gazeti ni la nani. Maneno hayo hayo yangetoka kinywani mwa mtu wao, kichwa cha habari kingesomeka afunguka. Maneno mawili haya yanapishana urefu kwa herufi moja tu, kwa hiyo usikubali mhariri akikuambia ilikuwa shida ya nafasi ukurasani.

Likishakutoka, tafuta mlango wa dharura. Kiswahili kimejaliwa milango mingi. Ulimi umeteleza. Neno limenitoka. Nimenukuliwa vibaya. Angalia vizuri nani amefanya kosa katika sentensi hizo: ulimi, neno, mwandishi wa habari. Wewe hukuwepo. Blurt halina mlango huo, kwani ukisema I blurted, hiyo I inasimama mbele kabisa, herufi kubwa, mikono nyuma, inasubiri pingu. Ukibanwa hamia slip, ambalo ni kuteleza kama kwetu, useme it slipped out. Hapo jambo litakuwa limetoka lenyewe kwa miguu yake. Lakini lisitumike mara mbili kwa kikao kimoja. Mtu anayeteleza mara mbili sakafu ile ile huanza kuchunguzwa viatu.

Sasa zoezi. Nenda kwenye kikao chochote ambacho watu wameshaelewana nini kisisemwe: posa, kamati ya harusi, taarifa ya mradi mbele ya wafadhili. Usibebe kitu. Kaa karibu na sinia la maandazi. Mzungumzaji wenu akitaja kiasi usichokitambua, usimsaidie, usimwinamie, usikohoe. Chukua andazi zima, lijaze mdomoni, uhesabu kimoyomoyo mpaka kumi.

Utafika nne.