Heko kwa Broka

Wanaomsema vibaya broka wa wawekezaji hapa Butula hawana shukrani. Kijana wa Bumala mwenye kinu cha mihogo na wazo la kuuza unga kwa simu angemjulia wapi tajiri wa Dubai, kama si bwana huyu wa viatu vilivyochongoka na simu tatu? Ada ya utambulisho inatangulia, na ni haki. Tajiri hatambulishwi bure. Halafu kuna ya wakili, ya muhuri (kinu kikauzwa hapo), na mafuta ya kwenda Kisumu kumpokea mgeni ambaye ndege yake, jamani, bado inachelewa.

Mwaka 2018 Kenya na Uganda zilizindua kituo cha pamoja pale mpakani Busia, ili lori lisimame mara moja tu. Haraka ya nini? Na wahurumieni wale wa miaka ya 1960 walioanza kuvusha watu mpaka kwa baiskeli bila broka. Hiyo boda boda yao imefika wapi? Wangelipa ada, wangepata barua yenye nembo ya dhahabu kama kijana wetu. Kamisheni ya asilimia 10 nayo ilikatwa mapema, maana kungoja mtaji uje kwanza kungechelewesha mambo.