Tarumbeta Mimbarini

Wazee wa Kipresbiteri wa Uskoti, rehema iwashukie, walikuwa watu wa ibada nyingi na masikio machache: hata kinanda walikiharimisha kanisani, na hadi katikati ya karne ya 19 waliamini kwamba Mola haridhiki ila na zaburi itokayo kooni pasi na msaada wa mabomba. Sijui wangalisema nini wangalifufuka tarehe 26 Desemba 1965, wakaingia katika kanisa la wajukuu wao lililosimama Fifth Avenue, New York, tangu 1875, wakamkuta mwanajazi Duke Ellington na bendi yake nzima, na mcheza dansi Bunny Briggs akigonga sakafu kwa viatu kwa heshima ya Nabii Daudi.

Leo makanisa ya namna hiyo hufungua milango jioni, jazi bure kwa kila jirani. Na muumini yule yule ambaye Jumapili huanza kutazama saa kabla mhubiri hajamaliza dibaji, huketi usiku kucha juu ya benchi lile lile gumu, akitikisa mguu, wala mgongo haumuumi. Sahani ya sadaka peke yake ndiyo haikubadili madhehebu: kuingia ni bure, kutoka ni hisani yako.