Mwanafunzi Asiye na Chaki

Ukipita hapa Siakago uone dude la kijani limekaa chini ya mwembe wangu, na kuku amekaa juu ya dude, tafadhali endelea na safari yako. Usiniulize ni la nini. Nimechoka kuulizwa. Juzi katoto ka nasari kaliniuliza, nikakaambia ni trekta. Kakazunguka mara moja. "Na magurudumu?" Nikaingia ndani, nikajifanya nimeitwa.

Mambo yote yalianza na nyama nusu kilo. Mwenye bucha akanifungia kwa gazeti, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue lilikuwa gazeti la wiki hiyo. Mimi ni msomaji wa bure. Nikafika nyumbani, nikamwaga nyama, nikakausha gazeti, nikasoma. Katikati ya damu kulikuwa na tangazo la mnada. Karakana ya chuo kimoja huko Embu inauza mashine na vifaa vyake kuukuu. Jina la chuo silitaji, sababu nikilitaja watajua ni mimi.

Sasa, wiki hiyo hiyo nilikuwa nimepeleka wilbaro kwa fundi wa kuchomelea. Mguu umekatika. Fundi akavaa miwani myeusi, akafanya *cha*, akafanya *cha* tena, akasema mia tatu. Cheche mbili! Mia na hamsini kila cheche! Nililipa nikiwa nahesabu. Kwa siku cheche ngapi? Kwa mwezi je? Mimi napanda ndengu, nangoja mvua ambayo huku Mbeere huja kama mgeni wa ushuru, na kuna mtu anauza cheche bila kupalilia. Nikaamua nitanunua mashine ya kuchomelea. Kuchomelea sijui. Lakini hata fundi hakuzaliwa akijua, si ndiyo?

Pesa za ndengu zilikuwa elfu sabini na tano. Mama watoto alikuwa amezipangia kazi. Mimi pia.

Tangazo lilisema vitu vinauzwa jinsi vilivyo na hapo vilipo, na kwamba kuna siku mbili za kukagua kabla ya mnada. Siku ya kukagua sikuenda. Nauli ya kwenda kuangalia chuma, halafu nauli nyingine ya kwenda kukinunua? Chuma ni chuma. Na "jinsi kilivyo" nikadhani ni kusifu, yaani kiko vile vile, hakijaharibika.

Kitu kingine nimekuja kuelezwa baadaye na karani mmoja pale kioski. Taasisi ya umma haiuzi tu mali yake hivi hivi. Kuna sheria ya 2015 ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma. Lazima kamati iketi, ikague, iandike kwamba kitu fulani hakina kazi tena au kimepitwa na wakati, ndipo kiuzwe. Kwa hivyo watu wasomi waliketi, wakanywa chai, wakatia sahihi kwamba kitu hiki hakitufai, halafu mimi nikavaa shati la kanisa nikaenda kukilipia.

Siku ya mnada nilitoa dipoziti ya kurudishwa, nikapewa kibao chenye namba 27. Nikakishika kama mtu anayejua. Wanunuzi wengine walikuwa na makoti yenye grisi, wanaongea chinichini, wanacheka. Hao ndio mabroka. Hawashindani wao kwa wao. Wanagawana kabla, huyu achukue hiki, yule achukue kile, bei isipande. Mimi nilidhani ni chama cha kanisa.

Mashine ya kuchomelea ilikuwa loti namba tatu. Iliuzwa nikiwa bado natafuta mahali pa kusimama. Kompresa ikaenda. Grainda zikaenda. Jiliwa za mezani, zile vaisi za kushika chuma, zikaenda kwa fungu kama nyanya. Kila nikiinua kibao, bei iko juu ya kichwa changu tayari. Jua la Embu nalo likaanza kunifanya nione kila kitu ni cha bei nafuu.

Loti 14. Dalali akapiga teke kitu kikubwa cha kijani. "Mashine ya Uingereza hii! Nani anaanza na thelathini?"

Kimya. Mabroka wote wakatazama viatu. Mimi nikasema moyoni, hawa hawaoni. Kuna kibati kimeandikwa *Colchester*, na chini yake *Student*. Student! Nikafurahi. Kama ni ya mwanafunzi, basi ni rahisi kujifunza. Nikainua kibao.

"Thelathini kwa mzee wa shati! Nasikia arobaini kule nyuma!"

Nikageuka kuona ni nani huyo anataka kunipokonya. Nyuma kulikuwa na ukuta. Karibu na ukuta kulikuwa na mbuzi. Nikasema hamsini. Dalali akasikia hamsini na tano, kule kule nyuma. Nikasema sitini. Ule ukuta ulikuwa na pesa, wacha nikuambie. Ulinisukuma mpaka sitini na nane, ndipo ukachoka. Nyundo ikagonga. Mabroka wakanipigia makofi na mimi nikainama kidogo, kama mheshimiwa.

Loti 15 ilikuwa boksi la mbao limejaa vyuma vyenye kutu. Mtu mmoja mwembamba mwenye kofia akalichukua kwa elfu tatu. Nilicheka kwa sauti. Nakumbuka nilimgeukia jirani nikamwambia, watu wengine hawana akili kabisa, anabeba kutu kwa boksi.

Kuondoa mzigo ni juu yako, na ukichelewa zaidi ya siku tatu unalipia nafasi. Nilikuwa nimepanga kuiweka kwa buti ya Probox. Dereva wa Probox akaiangalia, akaniangalia mimi, akaondoka bila kuaga. Ikabidi lori la mchanga. Wanaume wanane na minyororo. Mmoja wao alifanya kazi ya kusema "pole pole" tu, naye akalipwa sawa na wengine. Ile dipoziti ya kurudishwa ilirudi, nikaishika dakika kumi, ikaenda kwa lori.

Mama watoto akatoka na mwiko mkononi.

"Baba, hii ni pesa ngapi?"

"Elfu ishirini."

"Hata hiyo ni nyingi." Akarudi jikoni. Zile zingine nikamwambia ziko benki. Benki gani, hakuuliza. Lakini aliniangalia.

Kesho yake nikamwita fundi, yule yule wa cheche mbili, maana mimi sina kinyongo. Akashuka kwa bodaboda, hata helmeti hakutoa. Akazunguka mashine mara mbili. Akapiga mluzi. "Mzee, hii ni mali! Hii ni ya kukereza. Shafti, bushi, pini za plau, bolti ambayo huipati dukani, hapa unajitengenezea. Chuma kinazunguka, kisu kinakinyoa kama karoti." Nikavimba. Majirani walikuwa wanasikia. Nikamuuliza kwa sauti arudie hiyo ya karoti.

"Lakini inataka thri-fezi," akasema. Mota yake inakula volti 415 kwa nyaya tatu. Kwangu umeme ni waya mmoja wa 240, na pasi ikiwashwa taa inainama kama inasali. Hapo ndipo huwa naumia. Huku kwetu Mbeere, teremka tu mpaka Tana, ukute mabwawa yamepangwa kama sufuria: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Kindaruma inazalisha stima tangu 1968. Gitaru peke yake ni megawati 225. Zinapanda kwa manguzo makubwa, zinatupita juu ya kichwa zikienda Nairobi kuchemsha maji ya watu ya kuoga. Fundi akasema haina shida, kuna njia. Naweza kubadilisha mota niweke ya fezi moja. Ama ninunue inveta inayogeuza waya mmoja kuwa tatu. Ama niifunge mkanda wa injini ya dizeli, kama posho mili. Kila njia ilikuwa na bei, na kila bei ilikuwa kubwa kuliko ile elfu ishirini niliyosema jikoni.

"Na kitu kingine," akasema. "Hii mashine haina chaki."

Hilo tu? Nikacheka. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, shida ya saizi yangu. Na iliingia akilini kabisa: mashine imetoka chuoni, inaitwa Mwanafunzi, sasa itakosaje chaki? Nikamwambia fundi angoje dakika tano. Nikakimbia dukani. Nikanunua pakiti ya nyeupe. Halafu nikanunua na ya rangi, sababu sikuwa nimeuliza inatumia gani.

Fundi aliziangalia zile pakiti mbili. Akatoa helmeti. Akakaa chini.

Kumbe chaki ya mafundi ni lile duara la chuma, zito, lenye meno matatu, linalokaa mbele ya mashine na kuuma chuma kinapozunguka. Bila hiyo mashine inakereza hewa. Fundi alinieleza pole pole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Halafu akapanda boda akaenda stegi ya muguka kuwaeleza wengine. Mpaka jioni nilikuwa nimepata jina jipya. Sasa nikipita, wazee kwa vijana, shavu limejaa muguka, wanainua mkono: "Shikamoo, Mwalimu!" Na kwetu hapa hatuna hata mazoea ya shikamoo. Imeletwa kwa ajili yangu.

Kabla hajaondoka, fundi aliuliza swali moja. Pale mnadani, hapakuwa na kitu cha mviringo, pengine kwa boksi?

Boksi. Kutu. Kofia. Elfu tatu.

Nikapata namba ya yule mtu kupitia kwa broka mmoja, ambaye pia alitaka kitu kidogo. Simu ikalia mara moja tu. "Mzee wa shati!" akasema. "Nilikuwa nakungoja." Chaki ni elfu arobaini na tano. Nikamkumbusha kwamba alinunua boksi zima kwa tatu. Akanikumbusha kwamba nilicheka.

Kwa hivyo dude likabaki chini ya mwembe. Ile trei ya chini, ya kukusanyia vyuma vinavyonyolewa, kuku wameifanya leba wodi. Watoto walichukua zile chaki za rangi wakachora kwa huo mwili wa kijani hesabu, ng'ombe, na mtu mmoja mwenye tumbo ambaye sikuuliza ni nani.

Jana nimerudi kutoka shambani nikakuta harufu ya chapati. Siku ya Jumatano! Mama watoto anaimba. Mbele ya mashine kumeandikwa kwa chaki nyeupe, herufi kubwa, INAUZWA, na namba yake ya simu.

"Baba, Mungu ni mwema," akasema. "Nimepata mteja. Wewe ulinunua ishirini, mimi nimeiuza thelathini. Amekubali bila hata kuvutana. Anakuja kesho asubuhi na lori lake. Faida elfu kumi, na wewe ulikuwa unasema sijui biashara!"

Nikakaa. Chapati mkononi. Ningesema nini? Nikasema hongera.

Simu yake ikalia. Alikuwa na unga mikononi, akaniambia nipokee, ni yule mteja, anauliza njia. Nikapokea.

Kimya kidogo upande wa pili. Halafu ile sauti: "Mzee wa shati! Kumbe ni kwako? Sasa, ile chaki bado unaitaka, ama?"